Mto Mzima kwa Ajili ya Panja Mbili

Kosa langu la kwanza nililifanya kabla sijatoka nyumbani. Nilichukua kifuniko cha ndoo ya plastiki, nikakikata kwa wembe mpaka nikapata umbo la paji la uso nililokuwa nikiliota: pembe mbili kali, kulia na kushoto sawasawa, hakuna iliyopita mwenzake hata unywele. Nikalainisha kingo kwa msasa. Nikalifunga kwenye kitambaa na kuliweka chini kabisa ya begi. Niliamini kwamba kazi ya daktari itakuwa kujaza nywele tu ndani ya mstari wangu.

Mlioniuliza ilikuwaje nimewajibu vipande vipande, huyu habari ya boti, yule habari ya sindano, na sasa kila mmoja ana safari yake tofauti. Basi someni hii. Mambo ya kulipa na kupanga tarehe nimeyaacha, maana hata mimi nilisinzia nikiyafanya.

Kabondo

Mnajua kazi yangu. Kunyoa, au kuwa coiffeur kama wanavyosema wateja, hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwenye simu na kwenye vichwa vya binamu zangu, ambao baadhi yao bado hawajanisamehe. Hapa kwetu Kabondo, Kisangani, mteja anakupima kwa kontur, ule mstari unaochongwa kwa wembe kuzunguka paji na panja. Ukiuchonga vizuri, atarudi na rafiki. Ukiupindisha, atakutangaza sokoni.

Panja zangu mwenyewe zilikuwa tupu. Nilipokuwa kijana wa shule nilipenda matuta, na dada yangu Zaina ndiye aliyenisuka. Nilimwambia avute. Akivuta, nilimwambia avute tena, mpaka ngozi ya uso ing'ae na macho yapande. Niliona ndiyo usafi. Miaka ikapita hivyo, na siku nilipoyafumua kwa mara ya mwisho, nywele za panjani hazikurudi. Pande zote mbili ilibaki ngozi laini, tupu, yenye kumeta.

Nyumbani hakuna aliyeona, kwa sababu sisi wanaume wa familia yetu ni watu wa kofia, kuanzia babu. Kazini ndiko nilikoteseka, maana kinyozi anayeficha kichwa chake haaminiwi. Nilijipaka rangi ya nywele kwenye ngozi ile, na joto likizidi rangi ilishuka mashavuni. Siku moja tone liliangukia taulo jeupe la mteja. Akalitazama tone, akanitazama mimi.

"Coiffeur," akasema, "we mwenyewe nani anakukataka?"

Nilitafuta daktari mpaka nikampata Kinshasa, mama mmoja mzaliwa wa Bukavu anayepandikiza nywele. Nilimtumia picha za kichwa changu kutoka kila upande. Jibu lake lilikuwa fupi. Nywele za kisogoni, ambako miche ingechukuliwa, zilikuwa chache. Zingetosha panja mbili mara moja tu. Ikiharibika, hakuna ya kurudia.

Neno hilo nililibeba safari nzima. Mimi ni mtu anayerudi kurekebisha mshono wa pazia. Mara moja tu kwangu ni kama kuambiwa upige mluzi huku umezama.

Bandarini

Nauli ya ndege niliitunza kwa ajili ya kurudi, maana daktari alikataza mtu mwenye vidonda vibichi kulala juu ya mizigo. Kwenda nikachagua mto. Boti lilikuwa lile kubwa la mbao tunaloliita baleinière, na mwenye boti alisema linaondoka leo. Alisema leo kila siku. Kuna kipande cha injini kilichokuwa kinangojwa, na waliokitaja hawakukubaliana ni kipande gani.

Watu walikuwa wamekwisha kuhamia humo, wakipika na kufua. Jirani yangu alikuwa Mama Béa, mfanyabiashara wa samaki wa moshi, mwenye magunia yaliyojaa mpaka nikalala nusu mwili nje ya turubai.

"We uko mutoto ya nani?" aliniuliza kabla hata sijatua begi.

"Ya mzee Salumu wa Kabondo."

"Ah, Wangwana, watu ya musikiti. Donc hukulake nguruwe. Bon, siku ya nguruwe nitakupatia kwanga na pilipili, usinune."

Alinilisha kweli. Pondu yake, yaani kisamvu, ilikuwa nzito ya mawese, na kwanga, ule mkate wa muhogo, aliifungua majani kwa meno huku akiendelea kuzungumza. Mimi nilikula nikiwa na kofia, nikalala na kofia. Asubuhi niliwahi kuamka kabla ya wote ili nioge pembeni, taulo kichwani. Nilijiona mwerevu. Sikujua kwamba Mama Béa alikuwa akihesabu kila asubuhi niliyojificha.

Isangi hadi Bumba

Siku tuliyoondoka hakuna aliyeamini mpaka ukingo ulipoanza kusogea. Baada ya Isangi mto ulipanuka, mitumbwi ikaja kujifunga ubavuni mwa boti ikiuza ndizi na viwavi wa kukaanga, na mimi nikaanza kufurahi.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Redio zilikuwa zikitangaza ule ugonjwa wa vipele, zikisema watu wasiguse ngozi ya mgonjwa. Na ndani ya boti yupo kijana asiyevua kofia hata kwenye jua kali, anayeoga akijificha, anayegusagusa panja zake kila mara kama zinamuwasha. Ni kweli nilizigusa. Nina tabia hiyo nikiwa na wasiwasi.

Kwanza watu waliacha kupokea kikombe changu. Kisha nafasi ikapatikana pembeni yangu, kwenye boti ambalo halikuwa na nafasi ya kuweka kuku. Papa mmoja, mzee aliyepandia Isangi, mkulima wa Yahuma mwenye magunia ya karanga, ndiye aliyelisema kwa sauti tulipokaribia Bumba.

"Huyu kijana ashuke hapa. Iko na kitu chini ya kofia."

"Sina kitu, papa."

"Kama hauna kitu, toa."

Sikuitoa. Watu wakasimama. Nahodha akaja kutoka nyuma, mikono imejaa grisi, uso wa mtu aliyekatizwa kazi.

"Petit, njia iko mbili," akasema. "Unatoa kofia, ao unashuka na begi yako. Mimi sitafungiwa boti juu ya kichwa ya mutu moja."

Nilimtazama Mama Béa anitetee. Akatazama samaki wake.

Nawaambia ukweli: niliwaza kushuka. Niliona heri nibaki Bumba, nikose siku yangu kwa daktari, kuliko watu wale wote wanione. Mkono wangu ulifika kwenye begi. Kisha nikafikiri, kama nashuka hapa, nimesafiri kwenda wapi? Nikavua.

Mama Béa alikuja, akainama, akaniminya panja kwa kidole gumba kama anayepima embe.

"Iko ngozi tu," akatangaza. "Haina kipele, haina kitu."

"Njo hii ulikuwa unaficha?" papa wa Yahuma akauliza. Akavua kofia yake ya majani. Kichwa kilikuwa kitupu kutoka paji mpaka utosini. "Angalia mimi. Na bibi wawili wananigombania."

"Wanagombania karanga, papa," sauti ikatoka nyuma.

Kicheko kilianzia kwa nahodha. Nilitamani mto unimeze, lakini Mama Béa alikuwa amenishika bega kwa nguvu, na nikagundua kwamba na mimi nacheka. Nilipewa kikombe cha chai. Kilikuwa cha papa wa Yahuma.

Bumba hadi Lisala

Walipojua mimi ni kinyozi, walinikalisha mbele ya boti, karibu na pipa la mafuta, na kazi ikaanza. Wembe wangu, kitana, mkasi. Wateja wakipokezana juu ya ndoo iliyogeuzwa. Wengine walinilipa ndizi, wengine samaki.

Sijawahi kukata nywele kwenye mwanga kama ule. Asubuhi jua lilipiga upande mmoja wa uso, mchana likahamia mwingine, na mto ukarudisha mwanga kutoka chini. Niliona panja za watu kama zilivyo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mbili zinazofanana. Huyu ya kulia imeingia ndani, ya kushoto imeshuka hadi karibu na jicho. Yule nywele zimelala kuelekea sikioni upande mmoja, na upande wa pili zimesimama.

Niliyaona yote haya, na mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri: maskini, hawajapata kinyozi mzuri. Nikawarekebisha. Nilichonga kila paji mstari mmoja ulionyooka, pembe mbili kali, kama kile kifuniko changu.

Tulipofunga Lisala, wanaume wa boti walishuka wakiwa kwenye mstari mmoja kununua chumvi. Mama Béa aliwatazama kutoka juu ya magunia.

"Saidi," akasema, "juu ya nini wote wamekuwa famille moja, ndugu tupu? Mule sokoni watazani ni timu ya mpira."

Nilichukulia kama sifa.

Mchangani

Chini ya Lisala boti lilipanda mchanga na kukaa. Vijana waliingia majini kusukuma, tukapunguza mizigo kwa mitumbwi, boti likatucheka na kukaa tena. Chumvi tuliyonunua ikaisha, na pondu bila chumvi inakufanya ukumbuke makosa yako yote. Nilihesabu siku zilizobaki za daktari mpaka Mama Béa akanikataza kuhesabu kwa sauti.

Mvua ya juu ya mto ndiyo iliyotunyanyua. Tulisikia mbao zikilia chini yetu, kisha boti likageuka polepole, lenyewe, kama mtu anayeamka. Papa wa Yahuma aliimba. Kufikia Mbandaka kontur zangu zote zilikuwa zimekwisha kuota, na kila mwanaume alikuwa amerudia sura yake.

Kinshasa: mkate wa kwanza

Mama Béa aliniaga bandarini kwa kunipa samaki mkubwa na onyo nisitembee nimeduwaa. Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa daktari, nikinuka moshi, siku yangu bado haijapita. Alikuwa mama mfupi, mtulivu, na Kiswahili chake cha Bukavu kilinituliza moyo.

Nilitoa kile kifuniko cha ndoo.

Alikigeuza, akakipima kwa vidole. "Ulitengeneza wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, docteur."

"Kazi safi." Nilivimba. "Bon, kaa hapa tukijaribu."

Alikiweka usoni pangu, akachukua penseli ya nyusi na kuchora unywele mmoja mmoja ndani ya umbo langu. Nilipopewa kioo, sikutaka kukirudisha. Ilikuwa ndiyo. Ilikuwa vilevile nilivyoiota.

"Sasa nenda kwa mama wa mikate pale kona," akasema, "uniletee mmoja. Usivae kofia."

Nikaenda, kichwa juu. Mama wa mikate alianza kuufunga mkate, akainua macho, akaacha kufunga. Akamgusa mwenzake aliyekuwa anauza mayai. Wakanitazama wote wawili, kwa makini, kama watu wanaosoma bango.

"Yaya," yule wa mayai akaniuliza kwa Kilingala, akiniita mkubwa wake, kwa upole kabisa, "hiyo perruque ya nywele za bandia wanaiuza wapi? Nina kaka anaihitaji."

Nilirudi na mkate. Nilimwambia daktari kwamba ni penseli tu iliyowadanganya, nywele za kweli zitakuwa tofauti, naomba apande vilevile. Nilijitetea kwa muda mrefu. Nilitaja pembe, nilitaja kulia na kushoto. Yeye alikuwa anakula mkate.

"Saidi," akasema mwishoni, "nywele yako ya nyuma ni ile tu. Nikiipanda hivi, imekwisha, na utatembea na perruque yako mpaka uzee. Mimi sitaipanda. Unaweza kutafuta mwingine, sitakasirika."

Mto wote ule, mchanga wote ule, na sasa ananikatalia. Kisha zilinijia nyuso za Lisala, zile nyuso za famille moja, na kwa mara ya kwanza niliziona kama Mama Béa alivyoziona. Niliona haya kwa ajili ya wanaume wale wote.

"Basi tufanye vipi, docteur?"

"Nipatie picha yako ya utoto. Nione ulizaliwa na panja gani."

Nilitafuta kwenye simu. Idi, kofia. Arusi ya binamu, kofia. Siku ya kwanza ya shule, kofia ya babu iliyoshuka mpaka masikioni. Hakuna picha hata moja duniani inayoonyesha panja zangu.

Kinshasa: mkate wa pili

Wazo la kumpigia Zaina lilikuwa langu, na ndilo wazo zuri pekee nililotoa safari nzima. Vidole vyake vilikaa kichwani mwangu kwa miaka. Daktari akaweka simu mezani, sauti wazi.

"Zaina, unakumbuka nywele yangu ya panjani ilikuwa namna gani?"

Kuku wetu walisikika nyuma yake. "Juu ya nini unauliza? Unataka kunitia makosa?"

"Hapana, yaya. Docteur anataka kujua apande wapi."

"Ah. Ngoja nifunge macho." Tukangoja. "Ya kuume ilikuwa inanitesa. Kulikuwa nywele kidogo zenye kuzunguka, kama maji inashuka kwa tundu. Kila nikisuka, zinatoroka. Nilikuwa natia mate."

"Mate?" nikasema.

"We nyamaza, nazungumza na docteur. Ya kushoto ilikuwa mpole. Ilikuwa inalala chini, inaenda kwa sikio, na ilikuwa nyepesi kule mbele, kama ya mutoto muchanga."

Daktari alikuwa amefuta ule mchoro wa kwanza, sasa anachora panjani kwangu huku akisikiliza, penseli ikisita na kwenda. "Na ilifika wapi, mama? Karibu na jicho?"

"Apana, mbali kidogo. Huyu alikuwa na uso kubwa tangu utoto. Usimupunguze sana, hatutamujua."

Nilipopewa kioo, nilitaka kufuta. Kulia palikuwa na kizingo kidogo cha ajabu. Kushoto palikuwa chini zaidi, na kingo zake zimefifia kama zilizosahauliwa.

"Nenda," daktari akasema. "Mkate."

Mama wa mikate alikuwa na foleni. Zamu yangu ilipofika alinyoosha mkono bila kuniangalia. Sikutosheka. Niliinama mpaka uso wangu ukawa mbele ya uso wake.

"Mama, nitazame kwanza."

Akanitazama. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtu. "Nikuone nini? Toa pesa, watu wako nyuma yako."

Nilirudi nikikimbia. Nilimwambia daktari apande hivyohivyo, asiongeze hata unywele mmoja. Nikaacha kile kifuniko kwenye ndoo yake ya taka.

Kazi yenyewe ilichukua karibu siku nzima. Kwanza nililala kifudifudi, akanichoma sindano za ganzi, akachukua miche kisogoni kwa uangalifu, maana nywele zetu zimejikunja hata chini ya ngozi, na ukiharakisha unakata mizizi. Kisha chali. Miche yenye unywele mmoja mmoja aliipanda ukingoni, yenye nywele mbili nyuma yake, yote imelala kuelekea chini na sikioni, si kusimama kama majani. Kila alipofika kwenye kizingo cha kulia alisema taratibu, "Maji inashuka kwa tundu," na kuugeuza mkono wake.

Hewani

Alinikataza kuvaa kofia kwa siku kadhaa, isije ikang'oa kitu. Hivyo nilipanda ndege kichwa wazi, panja zimejaa vidoti vyekundu na magamba. Mimi, ambaye nilikuwa tayari kushushwa Bumba.

Papa mwingine aliyekaa pembeni yangu alivumilia mpaka tulipokuwa juu ya mawingu.

"Mwanangu, uliungua na moto?"

"Hapana, papa. Nimepanda nywele."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa mtu nisiyemjua, na sauti yangu ilikuwa ya kawaida. Papa alifikiri. Chini, mto ulionekana kwa kitambo, mwembamba, na mchanga wake wote.

"Na zitaota?"

"Zitaota."

"Hm," akasema, akajipapasa kisogo chake, na hakuacha kujipapasa mpaka tulipotua uwanja wa Bangboka, Kisangani.

Kabondo tena

Daktari alinionya kwamba zitaanguka kwanza. Hata hivyo zilipoanguka nilipiga simu asubuhi na mchana na jioni, mpaka akaniambia mizizi iko salama, ila mimi ndiye nisiye salama. Panja zikawa tupu kama mwanzo. Nilifanya kazi nikiwa na hakika kwamba nimepoteza ile mara moja niliyopewa.

Kisha siku moja Zaina alikuwa ananipita na sahani, akasimama. Akaiweka sahani chini na kunishika panja ya kulia.

"Zimerudi kuzunguka," akasema. "Zile adui zangu."

Zilikuwa fupi, ngumu, nyeusi. Zikaongezeka. Kushoto zikafuata, pole, zikilala kuelekea sikioni. Miezi ikapita, na sasa zinahitaji mkasi.

Juzi aliingia mwanajeshi wa kambi ya Kapalata, mteja wangu wa zamani aliyekuwa amehamishwa akarudi. Alikaa kitini, akanitazama kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Coiffeur, kuna kitu. Umenenepa?"

"Hapana, chef."

"Umeoa?"

"Bado."

"Basi ulipata pesa. Uso inaonekana mutu mwenye kupata pesa." Alinichunguza tena, akashindwa, akaegemea kiti. "Bon, nikate."

Nilimkata kwa kuifuata panja yake ilivyo, ya kushoto ikiwa juu kuliko ya kulia, na hakulalamika. Siku hizi nafungua salon asubuhi, nakata mpaka jioni, na siku nyingi hupita bila mimi kukumbuka kwamba nina panja.